Bahasha Kabla ya Mbalamwezi

Kibirizi, Kigoma
12 Desemba 2025

Mdogo wangu Skolastika,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini, maana kaka yako amekuwa mtu mkubwa kuliko unavyokumbuka. Hapa Kibirizi boti haiondoki mpaka mimi nikohoe. Si utani. Juzi bosi mmoja wa mjini, mwenye tumbo na viatu vya kuchongoka, alikaa kwenye boti dakika arobaini kwa sababu nilikuwa nakula muhogo. Akauliza, "Tunasubiri nini?" Nahodha Nehemia akamjibu, "Mheshimiwa, vumilia. Gasper bado anatafuna." Nilipomaliza nikajifuta mdomo, nikakohoa, injini ikawaka.

Wewe huko Gasozi unadhani kaka yako anabeba magunia ya dagaa tu. Nabeba, ndiyo, ila nabeba kwa cheo.

Sasa sikia habari iliyonifanya nikutafutie kalamu. Jina lako limetoka. Nimeliona kwa macho yangu kwenye simu ya mshikaji wangu Meshack, huku ninyi huko juu mkikimbizana na mtandao kwenye lile jiwe kama watu wanaokamata panzi. Umechaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, ya bweni. Msichana wa kwanza wa Gasozi. Mimi nilipofaulu nilipangiwa shule ya kata, na nikaacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Hilo unalijua, usilichimbe.

Mwalimu wako Elinipa ametuma ujumbe. Anakwenda likizo kwao Same, atapita mjini, atachapisha fomu ya kujiunga na kuniachia mimi hapa Kibirizi. Akinipa tu, naitia kwenye kopo la maziwa la Nehemia, lile la barua, siku hiyohiyo. Usiwe na wasiwasi. Uko mikononi mwa mtu.

Kaka yako,
Gasper


Gasozi, juu ya Mwamgongo
18 Desemba 2025

Kaka Gasper,

Shikamoo, ingawa umeandika ukurasa mzima kuhusu kikohozi chako na mistari minne kuhusu shule yangu.

Barua imefika. Mama alilia, halafu akanituma kuni. Nimefurahi mpaka nimeogopa. Sasa naomba kwa mara moja katika maisha yako unisikilize bila kuongeza la kwako.

Baba yuko ziwani. Unajua yeye hupanda nyumbani wakati wa mbalamwezi tu, mwezi ukiwaka na dagaa wakaacha kufuata taa. Kwa hesabu ya mama atafika tarehe thelathini hivi na kushuka tena tarehe saba Januari. Akishashuka hajulikani alipo, leo kambi hii kesho ile, siku ishirini. Kila jambo la nyumba hii huamuliwa katika hizo siku saba au nane, iwe mbuzi, iwe paa, iwe mimi.

Mama alipomgusia mwezi uliopita kwamba nikifaulu niende, alisema hivi: "Serikali ikimwita, ilete karatasi. Bila karatasi atakwenda kwa shangazi yake Melania kuanika dagaa." Baba hasomi, lakini karatasi anaiheshimu kuliko anavyotuheshimu sisi. Akiiona ataweka dole gumba. Asipoiona, ameshamaliza kusema.

Shule inafunguliwa tarehe 13 Januari. Mwalimu Elinipa alinieleza kabla hajaondoka kwamba shule za bweni zinangoja siku kumi na nne tu, baada ya hapo nafasi inapewa mwingine.

Kwa hiyo fomu iwe hapa kabla ya tarehe thelathini. Nimeandika tarehe mara mbili ili usiseme hukuiona: tarehe thelathini.

Mdogo wako,
Skolastika


Kibirizi
21 Desemba 2025

Skola,

Unaandika kama mtendaji wa kijiji. Tarehe thelathini, tarehe thelathini. Unadhani mimi sijui mwezi? Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu, kwa maharage, na ukayala.

Tulia. Kibirizi nzima inakujua. Wapagazi wanakuita Daktari. Nikipita wananiambia, "Kaka wa Daktari, chai yako ipo." Mama Noel wa kibanda cha chai amenikatalia kulipa maandazi, anasema mtu mwenye dada kama huyo halipi. Unaona faida za kusoma? Hujaondoka nyumbani, na mimi nimeshashiba.

Nimeanza kukuwekea vitu. Ndoo yenye mfuniko nimepata. Shuka mbili za bluu bahari nimemwagiza Meshack, maana wenyewe hawataki za maua. Jembe utatoka nalo nyumbani, usije ukaleta lile la mpini uliopinda ukaniaibisha.

Nasalimia wote. Mwambie mama asimwage machozi kwenye kuni, hazitawaka.

Kaka wa Daktari,
Gasper


Gasozi
27 Desemba 2025

Kaka,

Nehemia amekuja mara nne tangu barua yako. Kila mara nimeshuka mpaka ufukweni, saa mbili kwenda, saa tatu kurudi na mlima. Kila mara kopo lina barua za watu wengine. Leo nimeleta dawa ya kikohozi ya mzee jirani, barua mbili za mume wa mtu, na miguu yangu.

Fomu iko wapi?

Skolastika


Kibirizi
30 Desemba 2025

Skola,

Mimi mwenyewe nimechoka na habari hii kuliko wewe. Unaniuliza mimi fomu iko wapi, muulize mwalimu wako. Alisema atapita, atapita, huyo Mwalimu Elinipa sijamwona hata kivuli. Kila treni ikiondoka naenda stesheni kumwangalia. Labda alipita akaona uvivu kushuka Kibirizi, labda aliwaza kwao Same akasahau. Hawa watumishi wanaotoka mbali ndivyo walivyo, wakishashika likizo wanasahau kuna watu milimani.

Mwambie baba asubiri kidogo. Mwambie Gasper amesema.

Tena upepo wa ziwa siku hizi mbaya, boti zenyewe zinasitasita.

Gasper


Kibirizi
10 Januari 2026

Skola,

Haya, imepatikana. Mwalimu ameituma kwa basi, imenifikia leo, na leo hiihii naitia kwenye kopo. Ina doa la mafuta, usishangae, ndiyo mambo ya basi, mtu anaweka kuku na karatasi pamoja.

Najua baba ameshashuka. Usikae unanuna. Mtafute. Mtu mwenye akili kama yako hashindwi kumpata mzee mmoja kwenye ziwa moja.

Mimi hapa nimeshaandaa sanduku, ndoo, na shuka. Utakapopita Kibirizi utapokewa kama mkuu wa mkoa.

Gasper


Gasozi
5 Februari 2026

Kaka Gasper,

Shikamoo. Tulipoonana Kibirizi nilikuwa na haraka, na uliporudi kunichukua stendi nilikuwa na hasira, sikutaka kuongea na mtu yeyote, hata wewe uliyebeba sanduku langu kwenda na kurudi huku ukiimba. Kwa hiyo nakuandikia yote sasa.

Nilimtafuta baba siku kumi na moja. Nililala kwa shangazi Melania na kila asubuhi nilitembea ufukweni kambi kwa kambi, nikiuliza wanawake wanaoanika dagaa kama wamemwona Elikana mwenye koti la kijani. Wengine waliniuliza kama nimetumwa kudai. Mmoja alinipa reki, akasema nisaidie kwanza. Nilimpata tarehe 24, amekaa kwenye mtumbwi anashona wavu. Aliitazama ile fomu muda mrefu, akaigeuza, akanusa lile doa. Akauliza, "Hii ndiyo karatasi yenyewe?" Nikasema ndiyo baba. Akaweka dole gumba. Kaka, hakukataa. Angeiona mwaka mpya angeweka vilevile.

Zahanati wakanigongea muhuri tarehe 26. Shuleni tulifika na mama tarehe 29. Mwalimu wa zamu alikuwa mwema, alinipa kiti na maji. Alifungua daftari akanionyesha. Nafasi yangu imepewa msichana mwingine tangu jana yake. Jana yake. Mama hakuelewa Kiswahili chake vizuri, akaendelea kumshukuru kwa Kiha mpaka nilipomshika mkono.

Jumatatu naanza shule ya kata huku chini Mwamgongo. Mlima kushuka alfajiri, mlima kupanda jioni. Baba amesema nitajaribu mpaka miguu ikatae.

Sasa sikia la juzi. Mbalamwezi hii akina baba wote wako juu, wakaitisha kikao shuleni. Baba akasimama mbele ya Mwalimu Elinipa. Akasema, "Mwalimu, ulikuja ukajifunza kutuamkia mwakeye kwa Kiha chetu, tukakupenda. Ulisema serikali inamwita binti yangu. Mbona barua yake ulikaa nayo?" Mwalimu akajibu kwamba alikupa wewe mkononi tarehe 15 Desemba. Watu wakaguna. Ndipo nikasimama mimi. Nilikuwa na barua yako ya tarehe thelathini mfukoni. Niliisoma yote, kaka, kwa sauti, pale uliposema hujamwona hata kivuli, na pale uliposema watumishi wa mbali husahau watu wa milimani. Nilisoma vizuri, yeye ndiye aliyenifundisha.

Mwalimu alikaa.

Baba yake Honorata na baba yake Shadia wakasema binti zao wako darasa la saba mwaka huu, na wakimaliza inatosha, hawataki kupandishwa roho halafu kuangushwa. Watu wakapiga makofi. Nilidhani nitafurahi kumwona anaaibika. Sijafurahi.

Skolastika


Shule ya Msingi, Gasozi
6 Februari 2026

Ndugu Gasper,

Salaam.

Tarehe 15 Desemba, saa nne asubuhi, nilikukabidhi bahasha ya kaki mbele ya kibanda cha chai. Ulikuwa umevaa jezi ya njano. Ulinikaribisha chai, nikakataa kwa sababu ya treni. Uliniambia, "Mwalimu, hii imeshafika."

Sikuandikii ili tubishane. Nimeishi Gasozi miaka mitatu. Nilipofika, darasa la saba lilikuwa na wavulana kumi na wawili na msichana mmoja, naye alikuwa anakuja siku za mvua tu. Mwaka huu wasichana ni tisa. Nimezungukia kila nyumba kuwaomba, nyingine mara tano. Juzi kwenye kikao niliwatazama baba zao wakipiga makofi, nikajua nyumba hizo sitaingia tena.

Skolastika hana kosa. Alisoma alichoandikiwa.

Ndani ya kopo hili kuna bahasha nyingine, imefungwa. Ni maombi yangu ya uhamisho. Naomba uifikishe ofisi ya elimu mjini. Sina njia nyingine zaidi ya kopo hili na wewe, kwa hiyo nakuomba tena, kama nilivyokuomba mara ya kwanza.

Hii ifike.

Elinipa


Mwamgongo
11 Februari 2026

Kaka,

Sikuamkii leo.

Nimeanza shule. Watoto wa hapa ufukweni wananiita Mama Kilima na wanaiga ninavyotamka. Hilo nitalimaliza mwenyewe. Lingine siwezi.

Wiki hii nalala kwa shangazi Melania, naye amenihifadhia barua zako zote ndani ya kitambaa. Jana nikisubiri nguo zikauke nilizisoma barua upya, kwa mpangilio. Tarehe 21 Desemba uliniandikia kwamba shuka ziwe za bluu bahari, mbili, zisizo na maua, na kwamba jembe linatakiwa. Nikaifungua fomu niliyorudi nayo kutoka shuleni. Ukurasa wa nne: ndoo yenye mfuniko, shuka mbili za bluu bahari, jembe.

Tarehe 21 ulijuaje?

Usiniandikie upepo. Usiniandikie basi wala kuku. Usiniandikie habari za boti. Nimesimama mbele ya watu nikamwaibisha mwalimu wangu kwa maneno yako, na nilijiona shujaa. Ninataka jambo moja tu, hata kama ni mstari mmoja.

Skolastika


Kibirizi
14 Februari 2026

Skola,

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza ilianza na boti, nikaichana. Ya pili ilianza na Meshack, kwamba yeye ndiye aliyesikia habari za shuka mahali, nikaichana pia, ingawa ilikuwa imetoka vizuri na ungeweza kuiamini. Mimi nikikaa kusema uongo huwa nina hati nzuri.

Kwanza ya Mwalimu. Bahasha yake ya uhamisho iko ndani ya kopo hili, inarudi. Haijafunguliwa, angalia gundi. Nehemia nimempa akiwa ananitazama, na nimemwambia asiniachie tena hata kwa dakika moja. Mpe Mwalimu mkononi mwake. Mwambie achague kuondoka au kubaki baada ya watu kusikia hii, si kabla. Akitaka iende, nitampeleka mwenyewe ofisini yeye na bahasha yake, na mimi nitakaa nje.

Mbalamwezi ijayo napanda Gasozi. Nitasimama pale aliposimama baba. Najijua lakini, naweza kufika pale nikaona watu nikaanza kuchekesha. Kwa hiyo ukiniona nachekesha, toa barua hii uisome kwa sauti ileile uliyosomea ile nyingine. Hapa ndipo uanzie.

Mwalimu Elinipa alinipa bahasha tarehe 15 Desemba, saa nne, mbele ya kibanda cha Mama Noel. Nilikuwa na jezi ya njano. Kila alichosema ni kweli. Boti ya Nehemia ilikuwa inapakia hatua ishirini kutoka niliposimama.

Nikasema niifungue nione tu. Nikaona jina lako, limepigwa chapa, la kwako na la baba na la babu, herufi kubwa. Skola, jina la babu sijawahi kuliona kwenye karatasi popote, hata msalabani kwake tuliandika kwa mkaa. Nikamwonyesha Meshack. Meshack akawaita wapagazi. Wakasema soma, nikasoma, penye maneno magumu nikaruka, hawakujua. Waliweka magunia chini wakanisikiliza. Mimi huwa nawapigia kelele abiria siku nzima na hakuna anayegeuka. Siku ile walinyamaza watu kama thelathini.

Mama Noel akanipa chai. Kesho yake akaja mwingine, akasema hebu niione na mimi. Nikaisoma tena. Siku ya tatu nilikuwa naisoma bila kuangalia. Wakaanza kuuliza mimi niliishia la ngapi, nikawaambia cha nne, na kwamba wewe umenifuata mimi. Kila asubuhi nilisema leo naitia kwenye kopo, halafu anatokea mtu ambaye hajaiona.

Tarehe 28 nikaitafuta, haipo. Ilikuwa imepita mikono mingi. Nikapekua kibanda, magodoro, magunia. Tarehe thelathini baba ameshapanda, mimi sina kitu, nikashika kalamu nikamwandika Mwalimu. Nilimchagua yeye kwa sababu yuko mbali na si wa kwetu. Tarehe tisa Mama Noel akahamisha mfuko wa unga, ikawa iko nyuma yake. Doa ni la maandazi. Basi halikuwepo. Kuku hawakuwepo.

Mimi huacha vitu, unanijua. Niliacha shule kwa sababu nilifeli mtihani wa kidato cha pili mara mbili, na mara ya pili nilitoka darasani kabla hawajamaliza kusoma majina. Hilo halikuharibu kitu cha mtu. Hata kuipoteza ile bahasha ningeweza kusamehewa.

Lakini haikupotea mpaka siku ya kumi na tatu. Siku kumi na tatu nilikuwa nayo mkononi, Skola, nakunywa chai ya jina lako, na boti ya Nehemia iliondoka kila siku bila mimi kukohoa.

Gasper